Mtoto wetu yuko Kahama anatengeneza picha za watu kwa kompyuta: Je, pato lake ni halali?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Miongoni mwa masuali yanayotufikia kutoka kwa familia za Unguja na Pemba, moja limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali. Tumelikusanya kwa maneno machache kama ifuatavyo:

Suali: Kijana wangu yuko Kahama. Hakuajiriwa na mtu. Ana kompyuta yake, anatengeneza kadi za harusi, mabango ya maduka, kalenda za skuli, na anasafisha picha kongwe za wazee zilizofifia. Wateja wengine hawajui hata kwa sura, wanamtumia kazi kwa simu tu. Kila mwezi ananitumia fedha. Sasa shangazi yake kaniambia watengenezaji picha wamelaaniwa, na fedha ile nisiile. Nifanye nini? Na yeye nimwambie nini?

Jawabu: Mama yetu, suali lako ni zuri, na kuuliza juu ya chakula kinachoingia mdomoni ni katika ucha Mungu. Ila jawabu lake haliwezi kuwa neno moja, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu: hukumu ya picha yenyewe, hukumu ya mapatano baina ya kijana na mteja wake, na hukumu ya fedha iliyokwisha kufika mikononi mwako. Tutayachukua moja baada ya jingine, in shaa Allah.

KAHAMA NI PAHALA GANI

Wengi wetu visiwani tunaisikia Kahama kwa jina tu. Ni manispaa katika mkoa wa Shinyanga, na mtu anayetoka kwetu huvuka bahari kisha akakaa kwenye basi kutwa nzima, apite Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega. Mji ule umekuzwa na biashara na dhahabu. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulikuwa pembeni yake, ukaanza uzalishaji mwaka 2009 na kusimamisha kazi mwaka 2021. Bulyanhulu uko upande wa Msalala, na mbele zaidi ndiyo Geita. Mbali na migodi mikubwa kuna wachimbaji wadogo wengi wenye maduara yao, wenye makarasha ya kusaga mawe, wanunuzi, mama lishe, nyumba za wageni, wauza vipuri, na malori yanayokwenda Rwanda na Burundi.

Pahala penye biashara kama hizo panahitaji matangazo, na kila tangazo linahitaji mtu wa kulitengeneza. Kijana wako anafanya hivi: mteja anampa picha au maelezo, yeye anaziunganisha kwenye kompyuta, anaondoa kisichotakiwa, anapanga rangi na maandishi, kisha anakabidhi faili lililo tayari kupelekwa kwa mchapaji au kutumwa kwenye simu. Hana mwajiri wala mshahara. Akipata kazi amekula, asipopata hana kitu. Kwa lugha ya wanazuoni, yeye ni mtu anayekodisha ujuzi wake kwa kila anayemjia.

KWANZA: HUKUMU YA PICHA YENYEWE

Shangazi hakusema jambo lisilo na asili. Zipo Hadithi Sahihi zenye maonyo makali kwa wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho, na Imam Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, amelieleza jambo hili kwa ukali katika sherehe yake ya Sahihi Muslim.

Lakini iko Hadithi moja katika Sahihi Bukhari ambayo kila kijana mwenye kazi hii angefaa kuijua, kwa sababu aliyeuliza alikuwa katika hali kama yake. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamueleza kuwa maisha yake yanatokana na kazi ya mkono wake, na kwamba anatengeneza picha. Ibn Abbas akamwambia kuwa hatamsimulia ila aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), na akamtajia onyo kuwa mwenye kutengeneza sura ataadhibiwa mpaka aitie roho, na hatoweza kamwe. Yule mtu alishusha pumzi kwa nguvu na uso wake ukabadilika rangi. Alipomuona hivyo, Ibn Abbas akamuelekeza kuwa kama hana budi na kazi hiyo, basi ashike kutengeneza miti na kila kisicho na roho.

Tuzingatie namna Ibn Abbas alivyomjibu. Hukumu hakumficha, na pia hakumuacha aondoke bila njia ya kula. Alimtenganishia kazi yake, sehemu ya kuacha na sehemu ya kushika. Na sisi tufanye hivyo hivyo.

Sehemu isiyo na mashaka: maandishi, maua, mapambo, majengo, vyombo, bidhaa, mandhari, ramani, nembo zisizo na kiumbe. Kadi ya harusi yenye maua na maandishi, bango la duka la mbao, lebo ya mchele, ratiba ya madrasa, yote haya ni halali bila ya khitilafu tunayoijua. Wala asidhani kuwa sanaa bila sura za watu ni sanaa dhaifu. Wazee wetu walichonga milango ya Mji Mkongwe kwa maua, mizabibu na maandishi, na watu wanavuka bahari kuja kuitazama. Kanga nayo imependeza karne nzima kwa pindo, mji na jina lake.

Sehemu yenye khitilafu: picha iliyopigwa kwa kamera. Wanazuoni wa zama zetu wamegawanyika. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kuwa kamera huzuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa na Allah, wala mpigaji haumbi kitu, kwa hiyo haingii katika onyo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikwenda karibu na rai hiyo. Sheikh Ibn Baz aliiingiza kamera katika katazo isipokuwa kwa dharura na haja, kama kitambulisho na pasipoti. Sheikh Ibn Uthaymin aliona kuwa kupiga kwa chombo si kule kuunda sura kulikokatazwa, ila hukumu hufuata makusudio: likiwa lengo ni la haramu, na picha nayo ni haramu.

Sehemu ya kujiepusha: kuchora mwenyewe mtu au mnyama tangu mwanzo, hata kama kalamu ni ya kompyuta, kwa sababu hapo mkono ndio unaounda sura na jambo linakaribia zaidi lile katazo la asili. Vivyo hivyo kuiamuru programu ya akili mnemba imtengenezee mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Wapo wanaolitazama jambo hilo kwa wepesi, lakini mwenye kujiepusha na yenye kutatiza ameisalimisha dini yake na heshima yake, kama ilivyokuja katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.).

Kwa hiyo kijana anayesafisha picha ya kamera ya babu aliyefariki ili familia imkumbuke, au anayepanga picha za wanafunzi kwenye kalenda ya skuli, yuko ndani ya khitilafu ya wanazuoni wenye hoja, na mwenye kufuata rai ya mwanachuoni muaminifu haambiwi anakula haramu. Tunamnasihi azidishe kazi za sehemu ya kwanza, apunguze ya pili kwa kadiri ya haja, na aiache ya tatu.

PILI: MAPATANO NA MTEJA

Hapa ndipo vijana wengi huteleza, na wala si kwa sababu ya picha. Kazi inaweza kuwa maua matupu, na pato likaingia dosari kwa mapatano mabovu.

Katika fiqhi ya Shafi, mapatano ya ujira hayasihi mpaka mambo mawili yajulikane: kazi ni ipi, na ujira ni kiasi gani. Yakifichikana, mapatano yanaharibika, na aliyefanya kazi hurudishwa kwenye ujira wa mfano, yaani kile ambacho mtu kama yeye hulipwa kwa kazi kama ile. Maneno ya "wewe tengeneza tu, tutaelewana" ndiyo chanzo cha ugomvi. Mteja ana elfu kumi kichwani, fundi ana elfu hamsini, na kila mmoja anajiona kadhulumiwa.

Basi kabla ya kufungua kompyuta, amuulize mteja haya na apate majibu:

1. Kazi ni ya nini: ya kuchapwa karatasini, ya bango la barabarani, au ya kutumwa kwenye simu tu? Majibu haya yanabadilisha kazi yenyewe. Karatasi ya A4 inayochapwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, inataka picha ya nukta 2480 kwa 3508. Faili dogo la simu likipelekwa kwa mchapaji litatoka na ukungu.

2. Maandishi yote, majina, tarehe na namba za simu, na mteja ayaandike mwenyewe. Jina la bibi harusi likikosewa kwenye kadi mia mbili, lazima ijulikane nani alilikosea.

3. Siku ya kukabidhi.

4. Idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei. Kwa mfano, mara mbili bila malipo, na baada ya hapo kila mara ina bei yake.

5. Atakabidhiwa nini: picha iliyokamilika tu, au pamoja na faili la asili lenye matabaka yanayoweza kubadilishwa?

6. Ujira na namna ya kulipa.

Kisha yote yaandikwe. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kutufundisha kuandikiana. Siku hizi ujumbe wa WhatsApp wenye bei, kazi na tarehe, na mteja akajibu kuwa amekubali, ni maandishi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 6 kilichofanyika Jeddah mwaka 1990, ilipitisha kuwa mapatano yanasihi kwa vyombo vya mawasiliano kwa masharti yake. Kwa hiyo kijana aliye Kahama na mteja aliye Mwanza au Chake Chake wanaweza kufunga mapatano sahihi bila kuonana. Na masharti waliyowekeana yatawafunga, kwani Waislamu hushikamana na masharti yao isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Suala la arubuni

Neno hili tunalo tangu zamani katika biashara za pwani, na asili yake ni neno la fiqhi. Mnunuzi hutoa sehemu ya fedha, akiendelea huhesabiwa katika bei, akighairi huipoteza. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa Shafi, waliikataza; Mahanbali wameijuzisha; na Majmaa ya Fiqhi katika kikao cha 8, Brunei, mwaka 1993, iliijuzisha katika mauzo ikiwa muda umewekwa.

Kijana anaweza kujitoa katika khitilafu hii kwa urahisi. Badala ya arubuni, achukue ujira wa awali kwa kazi iliyogawanywa. Tuchukue mfano wa kazi ya Sh 80,000. Wakubaliane kuwa rasimu ya kwanza ni Sh 40,000, inalipwa kabla, na kukamilisha ni Sh 40,000, inalipwa kabla ya kukabidhi faili safi. Mteja akighairi kabla rasimu haijaanza, arudishiwe fedha yake. Akighairi baada ya rasimu, Sh 40,000 ni ujira wa kazi iliyofanyika, si fedha iliyoliwa bure. Na ni haki yake fundi kuonesha rasimu yenye alama ya maji mpaka amalize kulipwa, ilimradi mteja amejulishwa tangu mwanzo.

"Duara likitoa nitakulipa"

Hili ni la Kahama na Geita hasa. Mchimbaji mdogo anataka bango au fulana za timu yake, hana fedha, na anaahidi kulipa duara litakapotoa dhahabu. Duara linaweza kutoa wiki ijayo, au lisitoe kamwe. Deni ni halali, lakini liwe na muda unaojulikana, Mtume (S.A.W.) alipowakuta watu wa Madina wakiuziana kwa kutanguliza malipo, aliwataka wawe na kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Basi na waseme tarehe. Ikifika, na kweli hana kitu, hapo inaingia aya ya 280 ya Suratul-Baqarah ya kumpa nafasi mwenye dhiki. Ama mwenye uwezo anayezungusha, Mtume (S.A.W.) ameiita dhuluma, na katika Hadithi al-Qudsi iliyopokewa na Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemtumia mfanyakazi akastakimilisha kazi yake kisha asimpe ujira wake. Familia zetu nazo zisikie: anayempa kijana wa mtaani kazi ya kadi ya harusi kisha akamkimbia, anahusika na onyo hili.

Na asikubali kulipwa kwa mfuko wa mawe ambayo hayajasagwa. Hakuna ajuaye ndani mna nini, na ujira usiojulikana haufai. Tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini, na dhahabu ina pahala pake pa kuuzwa. Mchimbaji akauze huko, kisha alipe kwa shilingi.

TATU: KAZI ZA KUKATAA

Suratul-Maidah, aya ya 2, imetuamrisha kusaidiana katika wema na imetukataza kusaidiana katika dhambi. Mtengenezaji wa tangazo ni msaidizi wa kinachotangazwa. Kwa hiyo asipokee:

Matangazo ya ulevi na kamari. Katika ulevi wamelaaniwa watu kumi, na miongoni mwao wamo wasiokunywa hata tone, kama mbebaji na muuzaji. Michezo ya kubeti nayo ni kamari, hata ikipambwa kwa picha ya mpira.

Matangazo ya wapiga ramli na dawa za utajiri. Katika ukanda wa dhahabu wapo wanaowauzia wachimbaji "bahati". Tusilichukulie jambo hili kwa mzaha. Imani hizi ndizo zilizosababisha ndugu zetu wenye ualbino kuwindwa na kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na ilikuwa hapo hapo Kahama, mwaka 2009, Mahakama Kuu ilipowahukumu watu kwa mauaji ya kijana mwenye ualbino. Anayetengeneza bango la mpiga ramli hajui bango lile litampeleka nani kwa nani.

Kughushi kwa kila namna. Kubadilisha tarehe kwenye leseni, kutengeneza cheti cha skuli, muhuri, risiti ya benki au ujumbe wa muamala wa simu. Vilevile kumuweka mtu kando ya vipande vya dhahabu asivyovimiliki ili awavutie wenye fedha. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini ni majimaji, na akasema mwenye kughushi si katika sisi. Picha ya bidhaa iliyong'arishwa kupita ukweli wake ni lundo lile lile: juu kavu, chini maji. Kurekebisha mwanga na kuondoa vumbi hakuna ubaya. Kumuonesha mnunuzi kitu kisichokuwapo ni udanganyifu. Mbali na dhambi, sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 ina adhabu kwa kughushi kwa kompyuta.

Ama mteja asiyekuwa Muislamu, kufanya naye kazi hakuna katazo. Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimuajiri muongozaji njia ambaye hakuwa Muislamu, akamuamini kwa roho yake. Kijana amtengenezee bango la duka, kalenda ya skuli au kadi ya mwaliko wa mkutano. Ila kinachohusu ibada yao yenyewe, kama vile jalada la albamu ya kwaya, aombe radhi kwa adabu: "Ndugu yangu, kazi ya namna hii sifanyi, lakini nipo kwa kazi nyengine." Watu wa kule wana muamala mzuri, na mwenye kukataa kwa upole hamkosi mteja wake kesho.

NNE: PICHA ZA WATU NI AMANA

Mteja akishatuma picha, fundi anabeba kitu kizito kuliko fedha. Katika kompyuta yake mna picha za mabibi harusi waliopambwa kwa ajili ya waume zao, za watoto, za marehemu, na vitambulisho. Tunawanasihi mambo manne:

Asizitumie kuonesha ujuzi wake mtandaoni bila ya idhini ya mwenyewe. Akitaka kuonesha kazi, aoneshe ya maua na maandishi.

Asiwaite rafiki zake watazame. Jambo la harusi za wanawake ni aibu yake ikivuja, na mara nyingi talaka na uadui vimeingia nyumba za watu kwa picha moja iliyotoka kwenye simu. Kazi ya picha za wanawake waliojipamba ni bora ifanywe na dada zetu wenye ujuzi huu, na hapa pana nafasi ya kazi ya heshima kwa msichana akiwa nyumbani kwao Wete au Makunduchi.

Azifute baada ya muda waliokubaliana, na amjulishe mteja.

Picha kongwe ya karatasi, ambayo ndiyo pekee iliyobaki ya marehemu, aihifadhi kama amana. Ikiharibika kwa uzembe wake, anadhamini.

Nchi nayo imetunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na sura ya mtu inaweza kuingia ndani yake. Sheria imekuja kuyakuta ambayo dini ilitufundisha zamani.

Na kama fundi anavyolinda haki za wengine, na yake pia ni haki. Majmaa ya Fiqhi, kikao cha 5, Kuwait, mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa kisheria ya dini, haifai kuivamia. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo haifai kijana kuchukua picha ya mpigaji mwengine mtandaoni akaiweka kwenye kazi ya kuuza, kama isivyofaa mchapaji kuchukua kazi yake akaiuzia watu watano. Na programu anayoifanyia kazi aitafute kwa njia halali; zipo za bure zilizoruhusiwa na wenyewe, kama GIMP na Inkscape.

TANO: FEDHA ILIYOKUFIKIA WEWE, MAMA

Sasa tunarudi kwako. Fedha anayokutumia mwanao, asili yake ni halali maadamu hujui kwa yakini kuwa shilingi hii imetoka katika kazi ya haramu. Hata ikiwa pato lake limechanganyika, la halali na la shaka, wanazuoni hawakukuharamishia kula kwa sababu ya dhana. Mtume (S.A.W.) alifanya biashara na Mayahudi wa Madina, na alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri, ilhali Qur'ani imetaja kuwa miongoni mwao walikuwapo wala riba. Basi kula, na muombee. Ukijua kwa hakika kuwa fedha fulani ni ya bango la kamari, hiyo usiipokee, na umwambie sababu.

Usimrushie kijana maneno ya laana kwenye simu. Muulize: "Mwanangu, mwezi huu umetengeneza nini? Nani hajakulipa? Kazi gani ulikataa?" Kijana aliye peke yake mji wa mbali, akijua mama yake ataliuliza suali la tatu, atapata nguvu ya kukataa.

Na mkumbushe zaka. Akiba yake ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, ambacho ndicho kiwango walichokikadiria wanazuoni wengi wa leo, na ikakaa mwaka mzima wa Hijria, atoe asilimia 2.5. Kwa aliye Kahama, bei ya dhahabu haihitaji kutafutwa mbali.

KWA UFUPI

Kazi ya kutengeneza picha kwa kompyuta si haramu kwa jumla wala si halali kwa jumla. Maua, maandishi na bidhaa ni halali. Picha za kamera zina khitilafu yenye wasaa kwa haja. Kuunda sura ya kiumbe kwa mkono ajiepushe nako. Mapatano yawe wazi na yaandikwe, muda ujulikane, picha za watu zitunzwe, na kazi za haramu zikataliwe hata fedha ikiwa nyingi. Mwenye jambo mahsusi ambalo hatukuligusa na amuulize sheikh wa karibu naye au Ofisi ya Mufti, na aeleze kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu jawabu hufuata suali.

Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu walioko mbali, awatosheleze kwa halali Yake wasiihitajie haramu, na awarejeshe kwa wazee wao salama.

Wallahu a'alam.